Maswali ya Wasomaji: Akrotiri, mji uliobaki matundu

Katika toleo lililopita tuligusia habari za Akrotiri, mji wa Enzi ya Shaba uliofukiwa na volkano miaka kama 3,600 iliyopita katika kisiwa cha Thera, ambacho watalii wanakiita Santorini, kusini mwa bahari ya Aegean nchini Ugiriki. Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967, na alipofariki mwaka 1974 kazi ikashikwa na Christos Doumas. Hadi leo kilichofunuliwa ni kiasi cha hekta moja tu ya mji unaokadiriwa kuwa na hekta 20. Barua zilizokuja ni nyingi. Zilizofanana tumeziunganisha, na swali la kitanda tumelipa nafasi kubwa kwa makusudi.

Nyiragongo ilituunguzia nyumba mwaka 2002, ikarudi tena 2021. Haikuacha hata fremu ya mlango. Iweje huko Ugiriki nyumba za ghorofa zibaki zimesimama, tena na rangi ukutani?
*Msomaji, Goma*

Poleni sana, ndugu yetu. Tofauti iko kwenye kile kinachotoka mlimani. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo (madini yaleyale ya mchanga, yanayofanya lava iwe nzito), kwa hiyo ni nyepesi kama uji. Inatiririka, inafuata mteremko, na joto lake ni kama nyuzi 1,000 au zaidi. Inachokigusa inakichoma, kisha inagandia juu yake kuwa mwamba. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji wenu hadi ziwani, na chini ya mwamba wa namna hiyo hakuna cha kufukua kwa brashi.

Magma ya Thera ilikuwa na silika nyingi, nzito kama ugali uliokaza. Gesi haikupata pa kutokea, ikajikusanya mpaka ikapasua kila kitu. Kilichorushwa angani kilikuwa povu la magma lililogandia hewani, yaani pumisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu tunalosugulia visigino. Wingu lake lilipanda kilomita kama 36, na vipande vilipokuwa vinashuka vilikuwa vimepoa sana. Vikanyesha kama mvua, vikaingia madirishani na milangoni, vikajaza vyumba vya chini na kuzizunguka kuta kwa nje. Ukuta uliobanwa pande zote mbili hauna pa kuangukia.

Msidhani lakini kwamba mlipuko wote ulikuwa mpole. Kwanza lilidondoka vumbi jembamba, sentimita chache tu. Ikafuata pumisi, ambayo karibu na mji wa leo wa Fira safu yake hufikia mita kama 6, na upande wa Akrotiri ni nyembamba zaidi. Kisha maji ya bahari yakaingia kwenye tundu la volkano, na mawimbi ya gesi, mvuke na majivu yakafagia ardhini yakibeba mawe makubwa. Hayo ndiyo yaliyokata vichwa vya nyumba, sehemu zote zilizokuwa zimechomoza juu ya pumisi. Mwishoni yakaja matope mazito ya majivu yaliyofunika kisiwa kizima, mahali pengine kwa makumi ya mita. Mapaa nayo hayakupona. Pumisi ni nyepesi mkononi, lakini kila sentimita inayotua juu ya paa bapa la udongo inaongeza kilo kadhaa kwa kila mita ya mraba.

Ni kweli kwamba hakuna hata mfupa mmoja wa mtu? Watu walikwenda wapi?
*Msomaji, Mwanza (na wengine wanne)*

Katika sehemu iliyofukuliwa hakuna aliyekutwa amekufa kwa mlipuko. Mji huu unaitwa mara kwa mara “Pompeii ya Aegean”, na sisi jina hilo hatulipendi, kwa sababu linaficha jambo muhimu kuliko yote: Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvio, watu walinaswa; Akrotiri watu waliondoka.

Waliondoshwa na tetemeko. Katika jengo linaloitwa Delta kuna ngazi ya mawe ambayo kila kidato kimekatika katikati, kimoja baada ya kingine, mpasuko mmoja kutoka juu hadi chini. Hilo lilitokea kabla ya volkano. Baadaye watu walirudi na kuanza kusafisha. Kifusi kimekutwa kimerundikwa kwa utaratibu kandokando ya njia, na vitanda vimetolewa nje vikapangwa juu ya kifusi hicho. Katika Nyumba ya Magharibi kulikuwa na chombo kimoja chenye plasta iliyokauka na kingine chenye rangi nyekundu iliyokauka. Fundi alikuwa kazini.

Ndipo lile vumbi jembamba likaanza kudondoka, na safari hii hawakungoja. Mitungi ya chakula ilisogezwa mahali palipo salama, ikiwemo chini ya linta, yaani boriti za juu ya milango. Vito vikabebwa. Kitu cha dhahabu kilichopatikana ni sanamu ndogo ya mbuzi-mwitu, iliyofukuliwa mwaka 1999 ikiwa ndani ya sanduku, karibu na rundo la pembe za mbuzi.

Mtu aliyeuawa na maafa haya amepatikana, ila si Thera. Huko Çeşme, pwani ya Uturuki, zaidi ya kilomita 200 kutoka kisiwani, wachimbaji walikuta mifupa ya kijana na ya mbwa ndani ya kifusi kilicholetwa na tsunami. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2021.

Na kwa wanaouliza kama jambo hili lingeweza kujirudia: Januari na Februari 2025 Santorini ilitikiswa na maelfu ya matetemeko, na zaidi ya watu 10,000 wakaondoka kwa meli na ndege. Safari hii volkano haikulipuka.

Nimeona picha ya kitanda, na ya meza yenye miguu ya nakshi. Wakati huohuo mnasema mbao zote zilioza. Sasa kitanda hicho kimetoka wapi?
*Mwanafunzi wa sanaa, Nairobi*

Ulichokiona ni tundu la kitanda lililomwagiwa jasi.

Vumbi laini la volkano lilipenya hadi kwenye pembe za vyumba, na maji ya mvua yakalishindilia mpaka likawa gumu kama udongo wa ukuta. Mbao zilizokuwa ndani yake zikaoza polepole. Zilipokwisha, pakabaki uwazi wenye umbo lilelile: mguu, upau, nakshi, hata alama ya kusuka ya kikapu. Mwanaakiolojia Mwitalia Giuseppe Fiorelli alitumia matundu ya namna hii Pompeii mwaka 1863 kupata maumbo ya watu waliokufa. Akrotiri yanatumika kupata samani.

Kazi yenyewe inataka subira. Mchimbaji anakwenda kwa mwiko mdogo na brashi. Ncha ya mwiko ikizama ghafla pasipo kukwama, au kitundu cha ukubwa wa sarafu kikijitokeza, anaacha kuchimba hapohapo. Kosa la kwanza la wageni wa kazi hii ni kuingiza kidole au kupanua tundu ili “waone vizuri”. Ukingo ukivunjika, umbo limepotea na halirudi. Badala yake humulikwa taa, na kioo kidogo kikawekwa pembeni ili kuona tundu linaelekea wapi. Vumbi lililolegea na mizizi hutolewa kwa waya mwembamba na hewa ya kupuliza.

Halafu jasi, ileile ya kufungia hogo hospitalini. Maji yanatangulia kwenye ndoo na unga unanyunyiziwa juu yake. Ukifanya kinyume unapata madonge. Kwa kilo 10 za unga maji ni lita 6 hadi 7. Uache unywe maji dakika moja au mbili, ndipo ukoroge taratibu bila kuingiza hewa. Ukizidisha maji jasi inakuwa dhaifu na kumong’onyoka, na ukiyapunguza inaganda njiani kabla haijafika unyayoni mwa mguu wa meza. Kuta za tundu hunyunyiziwa maji kidogo, kwa sababu majivu makavu hunyonya maji ya jasi na kuacha ngozi ya juu ikiwa unga mtupu. Sehemu ndefu na nyembamba hutiwa waya ndani ili zisikatike zitakapoinuliwa.

Kumimina ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Unamimina kwa upande mmoja, polepole, mfululizo, na lazima pawe na tundu la pili la kutolea hewa. Bila hilo hewa hunaswa kwenye kona, na ukifukua unakuta kitanda chenye miguu mitatu na povu. Jasi huanza kushika baada ya robo saa hivi, na hupata joto inapokaza. Isiguswe kabla haijapoa kabisa, na kuinua kunangoja siku nyingine. Ndipo majivu yanaondolewa pembeni, na kilichokuwa tundu kinasimama chumbani. Kitanda cha Akrotiri kilikuwa na kiunzi cha mbao na kamba. Bibi yeyote wa pwani angekitambua.

Kanuni ya kukumbuka ni ya kinyumenyume: kwenye majivu, unajaza kwanza, ndipo unachimba.

Kuta za mawe na udongo, bila saruji, ghorofa mbili hata tatu, kwenye nchi ya matetemeko! Siri yake nini? Na leo zinashikiliwa na nini?
*Fundi ujenzi, Tanga*

Fundi, siri ni mbao. Nyumba nyingi zilijengwa kwa mawe yasiyochongwa na udongo uliochanganywa na majani makavu, lakini ndani ya kuta walilaza magogo kwa mlalo, na milango na madirisha yalizungushiwa fremu nzito za mbao zilizoungana na magogo hayo. Ardhi ikitikisika, ukuta unacheza bila kufunguka. Majengo makubwa, kama lile linaloitwa Xesté 4 lenye ghorofa tatu, yalivikwa mawe ya kuchongwa kwa mraba. Mapaa yalikuwa bapa: boriti, juu yake matawi na matete, juu kabisa udongo ulioshindiliwa. Ukiondoa chokaa, mjenzi wa Lamu asingekuwa mgeni hapo.

Shida ilianza wakati wa kufukua. Mbao zimeoza, kwa hiyo ukuta una mifereji mitupu ndani yake, na juu ya kila mlango pana uwazi mahali pa linta. Kinachoshikilia mawe ni majivu peke yake. Ukiyachota, tani kadhaa zinakushukia. Kwa hiyo hapa pia walijaza kwanza: uwazi wa linta na wa fremu ulisafishwa, ukawekewa nondo, ukamiminiwa zege, na baada ya zege kukomaa ndipo majivu ya mlangoni yakaondolewa. Ukitembelea mji utaziona fremu hizo. Ni zege mahali pa mti.

Tunavyoona sisi, kwa wakati ule njia nyingine haikuwepo, ila ina gharama yake. Mti ulikuwa unapinda, zege halipindi. Na nondo zilizo karibu na bahari zinahitaji kuangaliwa kila mara, maana kutu ikianza nondo huvimba na kupasua zege kutoka ndani.

Jambo la pili ni paa la kufunika eneo zima, kwa sababu udongo wa kuta hizo ukilowa mvua unarudi kuwa tope. Paa la kwanza lilikuwa la chuma na mabati ya asbesto. Lilipokuwa linajengwa jipya, mashimo ya nguzo yalipaswa kufika kwenye mwamba, kwa hiyo kila shimo likageuka kuwa uchimbaji wa kiakiolojia. Tarehe 23 Septemba 2005 sehemu ya paa jipya iliporomoka, ikaua mtalii mmoja na kujeruhi wengine. Mji ulifungwa kwa wageni hadi Aprili 2012.

Habari za choo cha ghorofani ni za kweli?
*Msomaji, Lamu*

Ni za kweli, na kwenu Lamu haitawashangaza. Kiko ghorofa ya kwanza ya Nyumba ya Magharibi, kwenye kona ya chumba kidogo: mabenchi mawili ya mawe yenye mwanya mwembamba katikati. Chini ya mwanya kuna bomba la udongo wa kuchoma linaloshuka ndani ya ukuta hadi kwenye shimo lililo kando ya njia, na hapo maji machafu yanaingia kwenye mtaro wa mawe uliojengwa chini ya sakafu ya barabara. Mtaro huo ulihudumia mtaa mzima, kwa hiyo ulichimbwa kwa makubaliano ya watu wengi. Mwenye nyumba mmoja hawezi kuchimbua barabara yote.

Walikula nini?
*Msomaji, Unguja*

Shayiri, dengu, samaki, konokono, nyama ya mbuzi na kondoo. Kunde ndogo ya jamii ya njegere iliyokutwa mitungini bado inalimwa kisiwani, na wenyeji huipika ikawa rojo ya manjano wanayoiita fava. Na mishikaki! Zimepatikana tegemeo mbili mbili za udongo wa kuchoma: juu zina vijinafasi vya kulaza vijiti, ncha zake zimefinyangwa vichwa vya wanyama, na chini zina mstari wa matundu ya kupitisha hewa kwenye makaa. Mchoma mishikaki wa Forodhani angeweza kuzitumia jioni hii.

Natembeza watalii. Nimeonyeshwa picha ya michoro ya nyani wa buluu wa Akrotiri. Hao si tumbili wetu?
*Mwongoza watalii, Arusha*

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo. Uso wenye ukanda mweupe, mkia mrefu, mwili mwembamba: wengi waliwaona kuwa tumbili wa Afrika, waliofahamika kupitia Misri. Buluu haikuwa tatizo, kwani wachoraji wa enzi hizo waliitumia mahali pa kijivu. Baadaye wakatokea watafiti, wakiwemo wa elimu ya nyani, waliotazama jinsi mkia unavyobebwa juu na kujipinda, wakasema angalau baadhi yao wanafanana zaidi na langur, jamii ya nyani wa India. Wanyama wengine wa kuwaangalia ni swala wawili wenye pembe ndefu katika jengo la Beta. Wapo wataalamu waliowatambua kuwa choroa.

Ukipata wageni wachoraji, waambie pia hivi: ukuta ulipakwa udongo na majani makavu kwanza, kisha plasta nyembamba ya chokaa, na kamba ikakandamizwa kwenye plasta mbichi ili kupata mistari iliyonyooka. Rangi za mwanzo ziliwekwa plasta ikiwa bado na unyevu, nyingine zikaongezwa juu ya plasta iliyokwisha kauka. Zile za mwanzo zimeshikana na ukuta. Za mwisho ndizo zinazobanduka.

Kitabu kimoja kinasema mwaka 1500 KK, kingine 1600. Nimfundishe nini mwanangu?
*Msomaji, Muscat*

Mfundishe “mwishoni mwa karne ya 17 au katika karne ya 16 KK”, na umweleze kwa nini. Waliotumia vyombo vya udongo na historia ya Misri walifika karibu na 1500. Mwaka 2006 likachapishwa tawi la mzeituni lililofukiwa hai ndani ya pumisi ya Thera, na kaboni yake, ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana baada ya mti kufa, ikatoa kati ya 1627 na 1600. Wapinzani wakajibu kwamba mzeituni hauweki pete safi za kila mwaka kama miti ya nchi za baridi, kwa hiyo kuhesabu pete zake ni mtego. Mwaka 2018 vipimo vipya vya pete za miti mingine, mwaka kwa mwaka, vilionyesha kwamba jedwali la kugeuza kaboni kuwa tarehe lilikuwa limepotoka kidogo kwa kipindi hicho, na uwezekano wa karne ya 16 ukapata nguvu upya. Vyovyote iwavyo, kisiwa jirani cha Krete, ambacho wengi hudhani kiliangushwa na mlipuko huu, hakikuanguka siku ileile. Majumba yake ya kifalme yaliendelea kwa vizazi kadhaa.

Ndiyo Atlantis?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana. Atlantis, kisiwa kinachosemwa kilizama baharini, ni kisa alichokiandika mwanafalsafa Mgiriki Plato zaidi ya miaka 1,000 baada ya mlipuko, akakiweka nje ya mlango wa Gibraltar na kukipa ukubwa wa bara. Akrotiri haihitaji kuazima jina.

Tutapita Santorini kwa siku moja mwezi wa sita. Tuanzie wapi?
*Familia, Minneapolis*

Anzieni Fira, kwenye Makumbusho ya Thera ya Kale. Hapo pana samani za jasi, tegemeo za mishikaki, nyani wa buluu, mbuzi wa dhahabu, na mawe ya mizani ya risasi ambayo kipimo chake cha msingi ni gramu kama 61. Tazameni vitu hivyo kwanza, maana mjini kwenyewe nyumba ni tupu. Michoro yote iliondolewa. Mingine, kama ule wa mayungiyungi na mbayuwayu, iko Athens katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia.

Kutoka Fira kuna basi hadi Akrotiri. Ingieni asubuhi, kabla abiria wa meli za kitalii hawajafika. Eneo lote liko chini ya paa, kwa hiyo jua si tatizo, ila vumbi lipo na njia ina vidato. Mtoto mdogo abebwe, kigari kiachwe. Njia inaanzia juu ya kuta kisha inashuka hadi kwenye barabara yenyewe ya mawe. Mkifika Uwanja wa Pembetatu tazameni juu: Nyumba ya Magharibi iko mbele yenu, na dirisha pana la ghorofani bado lipo wazi. Ngazi iliyopasuka ya Delta iko hatua chache kutoka hapo. Wengi huipita bila kuiona kwa sababu haijapambwa kwa chochote.